Kufidia Kete

Hakuna kijiwe cha drafti Kasulu ambacho kete zake zote zilizaliwa siku moja. Zitazame kwa karibu: vizibo saba vya bia, viwili vya soda vilivyopauka kwa jua, kifuniko cha plastiki cha chupa ya maji, na kipande cha tawi ambacho bado kina gome pembeni. Kumi na mbili za huyu, kumi na mbili za yule, na kila moja ina siku yake ya kuingia ubaoni. Iliyokuwa mahali pake awali ilichukuliwa na maji ya mtaro, au mtoto aliondoka nayo mkononi. Hakuna aliyekubali mchezo ulale kwa kukosa kete moja. Mtu akainuka, akatafuta, akafananisha, akafidia.

Ni kazi hiyo ya kufidia ninayotaka kuisifu. Anayekula kete tatu kwa mpigo husimuliwa mpaka Kibondo. Aliyemtengenezea hizo kete hatajwi, na mimi naona hiyo ni dhuluma.

Nianze na kizibo, maana ndicho kilichonifundisha. William Painter alikibuni huko Baltimore, Marekani, akapata hataza yake mwaka 1892, naye alikuwa akifikiria jinsi ya kuzuia gesi isitoke kwenye chupa. Meno ya kizibo cha leo ni 21, mgongo wake una rangi, tumbo lake limebonyea. Kwetu, mchezaji mmoja huvilaza vizibo vyake migongo juu, mwenzake matumbo juu, na vita imeshapata majeshi mawili. Kwa hiyo kizibo kimoja cha akiba mfukoni kinatosha kufidia upande wowote: kigeuze tu. Kete ikifika safu ya mwisho ya adui na kuwa kingi, unaipandishia nyingine juu yake.

Tatizo ni kwamba kizibo hutoka kwenye chupa kikiwa kimejeruhiwa. Opena hukikunja katikati, na kizibo kilichokunjika huyumba ubaoni. Ukikisukuma kinazunguka chenyewe na kuhamia nyumba isiyo yake, kisha ugomvi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakipiga katikati kwa jiwe, nikidhani nakinyoosha. Kikawa bakuli. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alininyang'anya jiwe bila kusema neno. Akakilaza kizibo kwenye jiwe bapa, akaanza kugonga ukingoni, polepole, huku akikizungusha kwa kidole gumba, jino kwa jino, mpaka akamaliza duara. Ndipo akagusa katikati, mara moja tu. Akakiweka chini, akakibonyeza upande huu na upande huu. Kikatulia. Akanipa jiwe langu na kizibo kingine.

Siku hizi soda nyingi huja na chupa za plastiki, na vifuniko vyake ni vyepesi. Upepo wa kiangazi ukivuma kutoka milimani hupeperusha jeshi zima. Nimeona watu wakivijaza udongo wa mfinyanzi na kuviacha vikauke. Hapo vinakaa.

Lakini ufundi uliokamilika niliuona Kibondo, kwa seremala aliyekuwa akitengeneza milango ya mninga. Moyo wa mninga ni mwekundu wa kahawia, na ule mti wa nje, karibu na gome, ni mweupe. Mafundi wengi huukata huo mweupe na kuutupa. Yeye alichukua mabaki mawili, moja la moyo na moja la weupe, akayapiga tupa mpaka yakawa fimbo mbili za mviringo, zenye upana wa sarafu ya shilingi mia mbili. Akazikata vipande vyembamba, kama anayekata muhogo wa kukausha, akavisugua kwa msasa. Zikatoka nyekundu kumi na mbili, nyeupe kumi na mbili. Nikanyoosha mkono kuziokota, akaniambia, "Subiri, kaka, hujachukua mbegu." Akanipa vile vigutu viwili vya fimbo vilivyobaki.

Sikumwelewa siku ile. Nilimwelewa baada ya miaka miwili, nyeupe mbili zilipobunguliwa na wadudu. Weupe wa mninga hauna kinga kama moyo wake, kwa hiyo nyeupe ndizo hufa kwanza. Nikakitafuta kigutu, nikakata mbili kutoka kwenye fimbo ileile iliyozaa wenzao. Unene sawa, nyuzi sawa. Hata hivyo zilionekana mara moja, maana zile za zamani zilikuwa zimekwisha kunywa jasho na mafuta ya mikono ya watu wengi. Nikazitia mfukoni mwa shati, nikawa nazipikicha kila nikikaa, sokoni, garini, kwenye benchi la zahanati. Zikaanza kuwa za manjano. Kete mpya haiwi kete mpaka mkono uizoee.

Kwenye bao mambo hugeuka. Bao la Kiswahili lina kete 64, na kete ya bao haina mwenyewe. Unaanza na kumi ubaoni na ishirini na mbili za kunamua, ukinila zinakuwa zako, nikikula zinarudi, na jioni hakuna ajuaye zipi zilikuwa za nani. Pwani hutumia komwe, mbegu za kijivu zilizo ngumu kama jiwe. Wachezaji wa omweso wa Uganda na igisoro wa Rwanda nao wana mashimo thelathini na mawili, safu nne za nane, na kete 64 kama sisi. Kwa drafti unafidia ili kete itofautishwe na ya adui. Kwa bao unafidia ili isitofautishwe na nyingine yoyote, na hilo ni gumu zaidi. Mchezaji mzoefu hahesabu kwa macho. Anazoa kete shimoni na kiganja kinamwambia ni ngapi. Ukimwekea moja nene, umemdanganya mkono.

Kwa hiyo nina ugomvi na desturi moja ya vijiweni: mgeni wa mchezo hupewa kete mbovu. Wazee huweka kando zilizo nzuri, na kijana anayejifunza huachiwa kokoto, punje za mahindi, vizibo vilivyopinda. Nadhani tunakosea. Anayeanza ndiye ambaye kiganja chake hakijui kitu bado. Mpe zinazolingana, umtandikie bao la kujifunza, mbilimbili kila shimo, mkono wake ujue kete mbili zina uzito gani. Mzoefu akipenda, acheze na kokoto, anaweza.

Na wapo wanaoanza upya bila kupenda. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita Kongo, na baadaye Warundi wengi wakaingia. Mtu anayekimbia usiku habebi kete. Lakini niliona drafti iliyochorwa kwa mkaa juu ya boksi, na kete zake zimekatwa kwenye ndala moja kuukuu, ile yenye uso mweupe na unyayo wa bluu. Weupe juu kwa huyu, bluu juu kwa yule. Ndala moja, majeshi mawili, na pembe zote zimezungushwa vizuri kwa wembe. Nilikuwa na komwe tano nilizoletewa kutoka Tanga. Nikampa kijana wa kete zile komwe zote tano, naye akanipa kete moja ya ndala. Tukaona tumelingana.

Iko ubaoni kwetu mpaka leo, upande wa nyeupe, kati ya zile za mninga. Juzi alikuja mtoto wa jirani kujifunza, nikampa nyeupe. Alipoondoka nilitaka kumwonyesha mke wangu zile mbili nilizozikata kwenye kigutu. Ya ndala niliiona. Lakini zile mbili: niligeuza nyeupe zote, juu na chini, nikazipeleka dirishani, sikuzijua.