Kifuu cha Pili: Neno juu ya Majaribio ya Mimea Shuleni

Wasomaji wetu, hasa ninyi walimu na wazazi, hapana shaka mmepata kumwona mtoto akiomba punje chache za maharage na pamba kidogo, akisema kwamba vyatakiwa shuleni kwa jaribio. Jaribio hilo ni la zamani, nalo limo katika vitabu vingi vya elimu ya viumbe. Hutwaliwa chupa nne. Ya kwanza hutiwa mbegu juu ya pamba yenye maji, ikawekwa dirishani. Ya pili hutiwa mbegu juu ya pamba kavu. Ya tatu hutiwa mbegu ndani ya maji yaliyochemshwa ili hewa itoke, na juu yake mafuta ili hewa isirudi. Ya nne ni sawa na ya kwanza, ila huwekwa ndani ya jokofu. Baada ya siku chache mbegu za chupa ya kwanza huota, nazo nyingine haziuoti mche wala mzizi. Na watoto huandika kwamba mbegu yataka maji, hewa na joto.

Nia ya jaribio hilo ni njema, na neno lililoandikwa mwishoni ni la kweli. Lakini jambo la kweli laweza kuletwa na shahidi mbovu, na shahidi mbovu hafai hata akisema kweli. Kwa hiyo yafaa tumpime shahidi huyu.

Tuitazame chupa ya nne. Yasemwa kwamba mbegu zake zilizuiliwa na baridi. Lakini mlango wa jokofu ukifungwa taa yake huzimika, na mbegu hukaa gizani usiku na mchana, hali wenzake wa dirishani wapata mwanga. Basi mambo mawili yamebadilika pamoja, baridi na giza. Mtoto mwenye akili akiuliza, “Mwalimu, twajuaje kama si giza lililozizuia?” jibu halimo katika chupa zile nne. Laiti ile chupa ya kwanza ingalifunikwa kwa kitambaa cheusi, au kuwekwa kabatini, giza lingalikuwa sawasawa kwa zote mbili, na baridi ingalibaki peke yake. Chupa ya tatu nayo ina hatari yake: mwalimu mwenye haraka huyamimina maji yangali moto, na mbegu zikapikwa kabla hazijakosa hewa.

Jaribio la pili ni lile la mche wa kunde uliowekwa gizani. Mara nyingine jibu huwa limekwisha kuandikwa ubaoni hata kabla mbegu haijapandwa: mmea hauwezi kukua pasipo mwanga. Lakini fungueni kabati baada ya juma moja mkatazame. Mche wa gizani ni mrefu kuliko mwenzake wa juani! Ni mwembamba na dhaifu, majani yake ni madogo ya manjano, lakini ni mrefu. Maana hula akiba iliyomo katika mbegu, nao huitumia akiba hiyo kurefusha shina ili upate kuufikia mwanga. Akiba ikiisha, hufa. Hilo ni fundisho zuri kuliko lile la ubaoni. Lakini mtoto aliyeuona urefu kwa macho yake huandika kwamba mche haukukua, kwa kuwa ndivyo ubao unavyosema. Hapo hakufundishwa elimu ya viumbe. Amefundishwa kuyakana macho yake.

Tena, katika jaribio hilo hilo, kila mche hupewa kikombe kimoja cha maji, na mwalimu hudhani kwamba amesawazisha. Sivyo. Udongo ulio juani hukauka upesi, na ule wa kabatini hukaa na maji siku nyingi. Usawa utafutwe katika udongo kwa kuugusa kwa kidole, si katika kikombe tu.

Dawa ya makosa hayo yote ni fupi: geuza jambo moja tu, mengine yote yasawazishe, na siku zote uwe na mwenzi wa kulinganishia. Katika shule za sekondari watoto hujifunza kanuni hii kwa Kiingereza, na wengi waweza kuiandika katika mtihani pasipo kukosa hata herufi. Lakini kuijua kanuni kwa ulimi ni jambo moja, na kuitumia kwa mikono ni jambo jingine.

Najua kwamba walimu wengine watajibu, “Shule yetu haina vyombo wala jokofu.” Jibu hilo silikubali, maana pwani yetu haina upungufu wa vifuu vya nazi. Vitwaliwe vifuu ishirini vya kadiri moja, vitobolewe chini, vitiwe udongo wa lundo moja uliochanganywa vizuri, na punje za kunde za mfuko mmoja. Kumi vitiwe samadi, na kumi visitiwe. Kwa nini kumi, wala si kimoja kimoja? Kwa sababu punje moja yaweza kuwa imeliwa na fukusi, na mche mmoja waweza kunyauka kwa sababu zake wenyewe. Kifuu kipi kitiwe samadi, watoto wapige kura, maana mkono wa mtu huchagua kilicho kizuri hata bila mwenyewe kujua. Na kila siku ya tatu vifuu vibadilishane mahali, ili pasiwe na fungu linalopata jua la asubuhi peke yake.

Wasomaji wa Kitabu cha Waamuzi wataikumbuka habari ya Gideoni na ngozi ya kondoo. Usiku wa kwanza alitaka umande uwe juu ya ngozi, na nchi yote iwe kavu. Akaona hivyo, wala hakutosheka. Usiku wa pili alitaka kinyume chake, ngozi iwe kavu na umande uwe juu ya nchi. Yeye alitafuta ishara ya Mungu, si elimu ya mimea, nami sichanganyi mambo hayo mawili. Lakini busara ya kugeuza upande yaonekana wazi: manyoya huweza kushika maji kwa asili yake, na usiku mmoja haukutosha kuondoa shaka.

Huenda mtu akasema kwamba mambo ya vifuu na kunde ni michezo ya watoto. Basi na asikie habari za Korogwe, katika mkoa wetu huu huu. Mwaka 2007 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilipimwa huko Korogwe, na huko Kilifi katika pwani ya Kenya. Watoto 894, wenye umri wa miezi 5 mpaka 17, waligawanywa kwa kura katika mafungu mawili. Fungu moja lilipewa chanjo hiyo ya malaria. Fungu la pili lilipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, isiyozuia malaria. Wala mama hakujua mtoto wake amepata ipi, wala waganga waliowapima watoto hawakujua. Hicho ndicho kifuu cha pili.

Matokeo yalichapishwa Desemba 2008. Katika hesabu ya waliomaliza chanjo kama ilivyopangwa, watoto 402 walikuwa wamepata chanjo ya malaria, na katika muda wa miezi kama minane 32 kati yao waliugua malaria. Fikirini sasa kama pasingalikuwapo fungu la pili. Mtu angalisema, “Watoto 370 hawakuugua! Chanjo hii yakinga watoto 92 katika kila 100!” Watu wangalishangilia, nao wangalidanganyika. Maana katika watoto 407 waliopata chanjo ya kichaa cha mbwa, waliougua walikuwa 66 tu. Wengine 341 hawakuugua katika muda ule, ingawa hawakukingwa kwa chanjo ya malaria. Kwa kulinganisha mafungu hayo mawili wataalamu walijua kwamba chanjo ilipunguza ugonjwa kwa kiasi cha 53 katika 100. Hesabu hiyo ni ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini ni ya kweli, na juu ya kweli hiyo kazi iliendelea. Majaribio makubwa zaidi yalifuata, Korogwe ikiwamo tena, hata mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likashauri chanjo hiyo itumiwe kwa watoto wa nchi zenye malaria nyingi.

Sasa tazameni hatari ya kumlea mtoto asiyejua kulinganisha. Kesho atakuwa mkulima Muheza au Handeni. Atauziwa dawa ya majimaji ya kustawisha mahindi, ainyunyize shamba zima, na mwaka huo mvua iwe njema. Atavuna sana, aisifu dawa, na mwakani auze mbuzi ili ainunue tena. Angaliacha matuta machache bila dawa, matuta hayo yangalimwambia kweli bila malipo. Kesho atakuwa mzazi. Mtoto wake atashikwa na mafua, atapewa mizizi ya mtu fulani, na mafua yataondoka kama mafua yaondokavyo. Siku mtoto atakaposhikwa na malaria, mzazi ataikimbilia mizizi ile ile, na saa za kumfikisha hospitali zitapita bure.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu: majibu yasiandikwe ubaoni kabla ya mbegu kuota, watoto waandike waliyoyaona, hata yakipingana na kitabu, kisha watafute sababu. Ninyi wazazi nanyi mna kazi. Mtoto akirudi nyumbani na kusema, “Leo tumethibitisha jambo hili,” msimsifu upesi, wala msimcheke. Mwulizeni kwa upole, “Mlilinganisha na nini?”