Hori na Hori na Hori

Mkristo wa bara akisikia "hori" hukumbuka Krismasi: mtoto mchanga, majani makavu, ng'ombe kando. Mvuvi wa pwani huona mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, mikoko huku na huku, maji yakijaa na kupwa. Kamusi huyatenga maneno hayo kwa tarakimu, basi.

Hori la bahari ni khawr ya Kiarabu, na sauti zake zimepita njia iliyokwisha kukanyagwa. Liweke kando ya khawf iliyotupa "hofu": kh imelainika ikawa h, aw ikakunjwa ikawa o. Tofauti iko mkiani. Hofu limevutwa na midomo inayotamka f, likaishia kwenye u, kama kitabu na elimu. Hori limekwenda na bahari, hatari na sukari, maneno yaliyofika kwetu yakiishia na r tupu, yakavishwa i.

Huko lilikotoka, neno ni pana zaidi. Khor Dubai ni mkono wa bahari unaoukata mji. Khor Rori, kule Dhofar, ilihifadhi bandari ya kale ya Sumhuram, iliyosafirisha ubani. Lakini nchini Sudan khor ni korongo linalopitisha maji msimu wa mvua, mbali kabisa na chumvi. Kwa hiyo kiini cha neno ni umbo: pahali palipobonyea kati ya kingo mbili. Mswahili alichukua pwani, korongo akaliacha.

Na umbo hilo linatia tamaa. Hori la kulishia mifugo mara nyingi ni gogo lililochimbwa. Hori la kuvukia, au kihori, nalo ni gogo lililochimbwa. Hori la bahari ni nchi iliyochimbwa na maji. Ningependa sana yote yawe ukoo mmoja! Ila mtumbwi una nasaba yake: Oman na Yemen huuita huri, na mitumbwi hiyo ililetwa kutoka pwani ya magharibi ya India, kwenye miti ya Malabar. Mgeni wa Uhindi na mgeni wa Uarabuni wameshuka bandari moja, wakapewa jina moja.

Wenyeji hawatatiziki. Mzee wa Mtwapa anaweza kuvuka hori kwa hori akajaze hori la mbuzi wake, na mkewe asimuulize lipi.