Karamu Katika Kitabu cha Mtoto

Msomaji, mtoto mdogo hajui herufi, lakini karamu anaijua. Kabla hajatambua herufi hata moja amekwisha kuona masufuria makubwa yakitolewa, mikeka ikitandikwa, na jamaa wakiingia uani, huyu na kuku kwapani, yule na ndizi kichwani. Mwandishi aanzaye hapo humfundisha asiyoyajua kwa njia ya ayajuayo.

Kitabu kimoja cha namna hiyo ni Mama Panya's Pancakes, kilichotungwa na Mary na Rich Chamberlin, kikatiwa picha na Julia Cairns, na kutolewa mwaka 2005. Hadithi yake ni ya kijiji cha Kenya. Mama aenda sokoni kununua unga wa chapati za maji, na mwanawe Adika amkaribisha kila wanayekutana naye njiani. Sarafu za mama ni chache. Kila mgeni aongezekapo, hofu yake nayo huongezeka. Saa ya kula wageni wafika, kila mtu na alichonacho: maziwa, samaki, ndizi, hata unga. Chakula chatosha wote.

Sifa ya kwanza ya kitabu hiki ni kurudia. Kukutana, kukaribisha na kuhofu huja tena na tena, hata mtoto aliyesomewa mara mbili, mara ya tatu hutangulia kusema litakalofuata. Kutangulia huko ni mlango wa kusoma, maana jicho litafutalo neno linalotarajiwa hulipata upesi. Sifa ya pili ni kwamba funzo halikubandikwa mwishoni kama kiraka. Haba na haba hujaza kibaba, nasi twakiona kibaba kikijaa.

Lakini sifa hazifuti kasoro. Jina la mama huyo litamchekesha mtoto wa Mombasa pasipostahili kicheko, kwani kwake panya ni mwizi wa ghalani, si mama wa watu. Tena kitabu kilitungwa kwa Kiingereza. Mtoto asiyeisikia lugha hiyo nyumbani hutwishwa mizigo miwili kwa safari moja: herufi ngeni na maneno mageni. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mahali alipo mtoto, na sababu yake yaonekana hapa waziwazi. Karamu ni ya kwao, lakini maneno yake ameazimwa.

Dawa ya kasoro hii si kukitupa kitabu. Wewe usomaye una mdogo wako nyumbani. Chukua karatasi chache, uchore Idi, Krismasi au arusi mliyoihudhuria pamoja, na chini ya kila picha uandike sentensi moja fupi kwa lugha mnayosemezana. Msomee, kisha mwachie akusomee yeye. Atakapoweka kidole chini ya jina la bibi yake na kulitamka, utakuwa umempa sababu ya kutaka kitabu cha pili.