Fundi wa Kusoma Bloku

Ukituma pesa kwa M-Pesa hapa Kamenu, Thika, daftari lenyewe liko kwa Safaricom. La mtandao wa Ethereum liko wazi kwa yeyote mwenye bando, kila muamala na nafasi yake. Kwa hiyo kazi ya kuzinasa roboti, yaani programu zinazowavizia wanunuzi humo, haihitaji ofisi Nairobi. Inahitaji mtu asiye na pupa.

Tangu Septemba 2022 bloku moja, yaani fungu la miamala, huweza kufungwa kila sekunde 12. Miamala mingi husubiri kwanza kwenye foleni inayoonekana na wote, na mwaka 2019 mtafiti Philip Daian na wenzake walieleza jinsi roboti zinavyoshindana kwa ada ili zipite mbele.

Fundi haanzi na kiasi, huanza na mpangilio. Tuseme hazina ya soko la Uniswap ina etha 100, sarafu ya Ethereum, na tokeni 100,000. Ada tuiweke kando. Kwa kuwa bei hupanda kadiri mtu anavyonunua, mnunuzi mwenye etha 10 angepata tokeni 9,091. Lakini roboti imemtangulia kwa etha 10 zake, ikazoa hizo 9,091, naye akaambulia 7,576. Nyuma yake tu, katika bloku ileile, roboti inauza tokeni 9,091 na kuondoka na etha 11.8. Zilivyoingia ndivyo zilivyotoka, na katikati yupo mtu.

Mwenye haraka angepiga kelele ya mwizi. Fundi bado ana shaka, maana zipo roboti zinazonunua na kuuza ndani ya bloku moja na hivyo kusawazisha bei kati ya masoko, wala hazimpunji mtu. Kwa hiyo huitoa roboti, akapiga upya hesabu ya mnunuzi kana kwamba hakutanguliwa. Zikikosekana tokeni 1,515, basi kesi ipo. Na roboti ikitumia anwani mbili, huzifuata pesa mpaka zinapokutana. Hapo ndipo usiku wake unapoishia.

Tangu huduma ya Flashbots ilipoanza mwaka 2021, roboti nyingi hupeleka vifurushi vyake vya miamala kwa siri, bila kupita foleni ile. Anayetazama foleni tu hazioni. Anayesoma bloku iliyokwisha kufungwa huona yote, ila mnunuzi ameshapunjwa. Mimi bado namheshimu zaidi huyu wa pili: anayemtaja amemhakiki.