Vigezo vya Usomaji Bora wa Sampuli ya Tezi Dume

Ubora wa mtaalamu wa patholojia hudhihirika pale anapokutana na tishu salama inayofanana na saratani, kwa kuwa kosa hapo humpeleka mtu asiye na ugonjwa kwenye upasuaji au mionzi, tiba zinazoweza kumwachia ugumba na matatizo ya kuzuia mkojo.

Msomaji stadi huanza na lenzi ya ukuzaji mdogo, akachunguza mpangilio wa vijitezi kabla ya kuingia katika seli mojamoja. Vijitezi vilivyosinyaa huonekana vyeusi na vyenye kingo zilizokunjamana, kwa sababu seli zake zimepoteza sehemu kubwa ya saitoplazimu, yaani ute unaozunguka kiini. Mgumu zaidi ni msinyao wa sehemu, ambao saitoplazimu yake hubaki kiasi na kupauka, hata vijitezi vikafanana mno na vya saratani.

Mtihani mkubwa ni adenosisi, msongamano wa vijitezi vidogo unaotokea hasa katika eneo la mpito, lile linalouzunguka mrija wa mkojo. Jicho zuri hulinganisha vijitezi hivyo na vikubwa vilivyo jirani, ambavyo ni salama bila shaka: viini vikiwa vya aina moja, na umbo likibadilika hatua kwa hatua, shaka hupungua. Kisha hutafutwa seli za msingi, tabaka la nje ambalo saratani ya kawaida hulikosa. Rangi ya kingamwili dhidi ya protini p63 hutia kahawia viini vya seli hizo, lakini katika adenosisi tabaka hukatikakatika, na baadhi ya vijitezi huonekana havina kabisa. Anayehukumu kwa kijitezi kimoja kilichokosa rangi amehukumu vibaya. Hata kimeng'enya AMACR, kinachozidi katika saratani nyingi, huweza kuonekana hapa pia.

Sindano ya kuchukulia sampuli nayo ikigusa kifuko cha manii, huleta seli zenye viini vikubwa vya kutisha; chembechembe za lipofusini, zenye rangi ya dhahabu iliyoingia ukahawia, ndizo zinazoonyesha kwamba seli hizo ni za kifuko hicho.

Ushahidi usipotosha, ripoti inayotaja vijitezi vichache vya mashaka na kupendekeza mgonjwa achukuliwe sampuli nyingine ni bora kuliko inayolazimisha jina la ugonjwa.