Pua ya Mbung'o

Pua ya binadamu ina aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu. Mbung'o wa nyikani, matokeo ya kuhesabu jeni zake yalipochapishwa mwaka 2014, alikutwa na 46 tu. Jeni za vipokezi vya ladha anazo 14, na miongoni mwake hakuna hata moja ya kuonja utamu. Chakula chake ni damu. Sukari ya nini? Hesabu hiyo ilifanywa na watafiti kadhaa, wakiwemo Wakenya George Obiero, Paul Mireji na Daniel Masiga, nami kila nikiikumbuka huona fahari.

Watu wa Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, hawahitaji kuelezwa mbung'o ni nani. Hukaa kwenye vichaka vya kingo za mito, akamuuma ng'ombe na kumwachia ugonjwa wa nagana, akamuuma mtu na kumwachia ule wa malale. Mwanzoni mwa karne iliyopita malale iliua zaidi ya watu 200,000 Busoga na kando ya Ziwa Victoria. Ndiyo maana, enzi za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, EATRO, shirika la utafiti wa malale na nagana, lilikuwa na makao yake Tororo. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, wagonjwa wa malale walitibiwa Alupe.

Ninayetaka kumsifu hasa ni mtu wa harufu. Ahmed Hassanali, mwanakemia wa Kenya, alifanya kazi kwa miongo kadhaa katika kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kile alichokianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970. Mwaka 1986 yeye na wenzake, Owaga akiwemo, walitangaza kemikali zinazomvuta mbung'o kutoka kwenye mkojo wa nyati. Mkojo uliokaa siku kadhaa ndio unaovuta zaidi, kwa sababu vijidudu huufanyia kazi na kuzifungua fenoli zilizofungwa ndani yake. Nani mwingine angekaa na mkojo wa nyati muda wote huo, akiuheshimu kiasi cha kuusikiliza?

Ufundi wenyewe uko hivi. Kipapasio cha mbung'o, kidogo kuliko punje ya ulezi, huunganishwa na elektrodi mbili nyembamba. Harufu iliyokusanywa kwa mnyama hupitishwa kwenye mrija mrefu unaotenganisha kemikali zake, zikatoka moja baada ya nyingine. Kila inayotoka hugawanywa: sehemu huenda kwenye kipimo cha mashine, sehemu hupulizwa juu ya kipapasio. Kipapasio kikiitambua, umeme kidogo sana hupita na mstari kwenye skrini hushtuka. Katika kemikali nyingi za jasho na mkojo, mdudu huchagua chache tu. Mtafiti hajiulizi kinachomnukia yeye. Amemwachia mbung'o aseme, na huo kwangu ni unyenyekevu wa hali ya juu.

Kwa njia hiyo Hassanali, Nicholas Gikonyo na wenzao walimchunguza kuro. Mnyama huyu huishi palepale penye mbung'o, lakini mbung'o humkwepa. Mwaka 2003 walichapisha walichokiona: harufu ya kuro ina kemikali ambazo nyati na ng'ombe hawana. Baadaye Rajinder Saini na timu yake waliiga harufu hiyo, wakaitia kwenye kola wanazovishwa ng'ombe. Huko Shimba Hills, Kwale, nagana ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika ng'ombe waliovishwa.

Lakini mbung'o anayetawala mito ya Busia na Tororo ni mwingine, Glossina fuscipes. Huyu hupenda sana damu ya kenge, na zile harufu za ng'ombe zinazomvuta kwa nguvu ndugu yake wa nyikani kule Zimbabwe humgusa kidogo tu. Kwake, mtego wa kitambaa cha buluu hutegemea macho yake kuliko pua yake. Kwa hiyo kilichojulikana kwa mbung'o mmoja hakitoshi kwa mwingine. Inabidi kumrudia kenge, kuurudia mto, na kuanza tena na kipapasio kimoja. Wengine wataona ni hasara. Mimi naona hapo ndipo kazi hii inapomdai mtafiti awe mwenyeji wa mahali.

Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tena tatizo la afya ya umma Kenya. Nagana haijaondoka, na mkulima wa Tororo bado ananunua dawa ya kumdunga ng'ombe wake. Chuo Kikuu cha Busitema kiko upande mmoja wa mpaka, cha Alupe upande wa pili, na mbung'o wenyewe wako karibu. Wenye bajeti na wapeleke elektrodi huko, na vijana wa mpakani waje wamsikilize mbung'o wao.