Tarakimu ya Kisandukuni

Kontena likiingia yadi ya Changamwe, karani wa getini hunakili herufi nne, tarakimu sita, halafu tarakimu moja iliyochorewa kisanduku pembeni. Hiyo ya mwisho inatokana na zile kumi za mbele yake, na ipo kwa ajili ya kumnasa karani akikosea. Si kazi ndogo: mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilihudumia makontena zaidi ya milioni 2 kwa kipimo cha futi 20, na lililoandikwa vibaya hutafutwa safu baada ya safu huku gharama za kuhifadhi zikipanda.

Tuchukue CSQU305438, mfano unaotumika sana kufundishia kanuni hii, ISO 6346. Herufi hupewa thamani: A ni 10, B ni 12, hadi Z ambayo ni 38, na 11, 22 na 33 zinarukwa. Kwa hiyo C ni 13, S 30, Q 28 na U 32. Alama ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, maradufu kila hatua hadi ya kumi, 512. Jumla ni 6,185. Gawanya kwa 11, inabaki 3, na 3 ndiyo ya kisandukuni.

Sasa matrela yamepanga foleni, karani amechoka, anaandika 304538. Jumla inakuwa 6,249, baki ni 1. Mfumo unakataa hapo hapo.

Kwa nini 11? Wangetumia 10, tarakimu ikigeuka kutoka 1 kuwa 6 penye kizidishi 16, jumla ingeongezeka kwa 80, ambayo hugawanyika kwa 10, na kosa lingepita. Lakini 11 ni nambari tasa. Gawanya vile vizidishi kumi kwa 11 uone mabaki: 1, 2, 4, 8, 5, 10, 9, 7, 3, 6. Kila baki kuanzia 1 hadi 10 limetokea mara moja tu! Kizidishi cha kumi na moja, 1,024, kingerudia 1. Kwa hiyo tarakimu mbili tofauti zikibadilishana nafasi, hata zisipokuwa jirani, baki lazima libadilike. Mwanya ni mmoja: baki likiwa 10 huandikwa 0, basi 0 ya kisandukuni ina asili mbili. Kanuni yenyewe inashauri nambari za aina hiyo zisitolewe.

Kwenye herufi mambo ni dhaifu zaidi, na sidhani wengi getini wanalijua hili. Thamani zinafika 38 ilhali mabaki ni machache, hivyo herufi kadhaa hugawana baki moja. F ni 16, P ni 27: zote zinabakiza 5. Kutu ya hewa ya chumvi ikila tumbo la P, karani akasoma F, hesabu inatoa tarakimu ileile. G na Q nazo ni hivyo hivyo, 17 na 28.

Dawa yake haimo kwenye kugawanya. Herufi za mwenye kontena husajiliwa na BIC, ofisi iliyoko Paris, na mfumo wa geti unaolinganisha na orodha hiyo utaikataa F iliyozaliwa na kutu, mradi herufi zilizopatikana si za kampuni nyingine.